Ngozi ya Redio

Mugeta, Bunda
4 Agosti 1991

Danford,

Mimi mzima. Nyonga inauma, lakini hiyo sio habari. Habari ni kwamba uliondoka hapa na punda yangu mahindi yakiwa yanavunwa, na mpaka leo hujaandika hata mstari mmoja. Au huko Buhemba mkichimba dhahabu mnafukia kalamu?

Naandika kwa mkono wangu, usifikiri nimeandikiwa. Kisomo cha watu wazima nilienda nikiwa tayari na wajukuu, wakanicheka, nikawaacha wacheke. Leo wao wanapelekaga barua zao kwa karani wa ushirika azijue siri zao, mimi siri yangu naijua mwenyewe. Kama herufi zimelala, wewe inamisha kichwa.

Sasa sikiliza. Yule punda, Redio, nilikuwekesha, sikukupa. Nakukumbusha kwa sababu vijana wa sasa mkikaa na kitu mwezi mmoja mnaona mlizaliwa nacho. Babu yako Machage alikuwaga na ng'ombe kwa watu mpaka huko juu Serengeti, na watu walikuwa na ng'ombe zao kwake, na hakuna aliyegombana. Anayefuga anakunywa maziwa, mnyama anabaki wa mwenyewe, na mnyama akifa, ngozi inapelekwa kwa mwenyewe aione kwa macho. Ukishapokea ngozi, mmemalizana na huyo mtu, hamdaiani neno.

Nimekupa miguu yangu. Kisima unakijua kilipo na nyonga yangu unaijua. Mpaka mvua za vuli zianguke nachotewa maji na mama yako Dafroza, na kila ndoo anaitua chini kwa kishindo ili nisikie. Navumilia kwa sababu ulisema ukipata pa kuanzia utakuwa mtu.

Redio anywe kwanza ndiyo abebe. Sio abebe ndiyo anywe. Na abebe maji tu, kama tulivyokubaliana mbele ya mama yako. Mawe asibebe, yule ni jike na naona tumbo lake lina kitu. Na asubuhi akikosa kulia, ujue kuna jambo. Hatukumpa jina la Redio bure, kijiji kizima kinaamkaga naye. Akinyamaza niandikie siku hiyo hiyo.

Ni mimi bibi yako,
Marieta


Buhemba
19 Agosti 1991

Bibi yangu mpendwa, shikamoo.

Usinigombeze, barua hii nimempa utingo wa lori la mbao, akilewa Bunda ndiyo hivyo tena.

Huku maisha ni ya kubanana lakini yanakwenda. Nimeingia kwenye duara la Ryoba. Duara ndiyo shimo letu, Bibi, na hatuingii mikono mitupu. Mmoja analeta magogo ya kuzuia udongo, mwingine chakula, na mimi naleta maji ya kusafishia mchanga. Mto uko mbali, kwa hiyo bila punda hakuna maji na bila maji hakuna dhahabu. Hapa mwenye punda anaitwa mkubwa! Redio akilia asubuhi watu wanatoka kwenye mahema wanasema, "Amkeni, taarifa ya habari hiyo."

Sasa Bibi, nakueleza kama ulivyoniagiza. Tangu juzi hajalia. Analala, anainuka, anakwangua chini kwa mguu, anageuza shingo anajiangalia ubavuni kama mtu ameitwa. Majani hataki. Kinyesi kidogo tu, kigumu, kina utelezi juu. Mmoja anasema nimnyweshe magadi, mwingine anasema tumchome chuma cha moto tumboni. Mimi nimekataa mpaka unijibu. Nifanye nini?

Mjukuu wako,
Danford


Mugeta
22 Agosti 1991

Bwana Mifugo Hamduni,

Mimi ni Marieta wa Machage wa Mugeta. Usijifanye umenisahau. Miaka ile ya foleni za sabuni, josho letu likiwa kavu na serikali yako haina dawa hata ya kuulia kupe mmoja, ulikuwa unakuja na baiskeli kuniambia "Mama, vumilia," unakula ugali wangu, unaondoka. Nilivumilia. Ng'ombe waliisha. Leo nasikia umeacha kazi ya serikali, umefungua duka Musoma, na dawa zimejaa mpaka dari. Zilikuwa zimejificha wapi?

Basi sasa nataka kazi ya ule ugali. Punda yangu Redio yuko Buhemba kwa mjukuu wangu Danford, kwenye duara la Ryoba. Tumbo linamuuma, halii, hali, anajiangalia ubavuni. Nimemwandikia asimpe magadi na mtu yeyote asimsogelee na chuma cha moto. Nenda wewe mwenyewe, usinitumie kijana.

Yule punda ndiyo miguu yangu. Ng'ombe nilikuachia ukasema vumilia. Huyu usiniambie hivyo.

Marieta


Musoma
30 Agosti 1991

Mama Marieta, shikamoo.

Ugali wako siwezi kuusahau. Nilipopata barua nilipanda gari la kwanza. Redio nimemkuta amesimama, kichwa chini, masikio yamelegea. Punda ana shida moja, Mama: farasi akiumwa tumbo anajitupa chini na kugaragara, kila mtu anaona. Punda ananyamaza tu. Mpaka umwone anajiangalia ubavu, ameshaumia sana.

Nimesikiliza tumbo, nimepima. Utumbo umekauka na chakula kimegandamana ndani. Anakula mabua makavu na hanywi maji ya kutosha. Nilimuuliza Danford, akasema anakunywa. Nikamwambia aongeze.

Nimempitishia mafuta kwa mpira wa puani, yalainishe. Halafu nimemchoma sindano ya maumivu kwenye mshipa wa shingo. Baada ya muda mfupi akainua kichwa, akalia, wachimbaji wote wakapiga makofi. Hapo ndipo nilipomkalisha Danford chini nikamweleza, na wewe nakueleza vilevile ujue.

Sindano hii haitibu tumbo. Inaondoa maumivu kama nusu siku hivi ili mnyama apumzike, atembee, anywe, na utumbo upate kulegea. Maumivu ndiyo yanatuambia tumbo linaendeleaje. Nikiyaondoa ni kama nimejifunga kitambaa usoni, kwa hiyo lazima niangalie vitu vingine: kinyesi kimetoka? Ufizi una unyevu? Anakunywa? Akilia, hiyo si dalili ya kupona. Akila si kitu. Maumivu yakirudi, asichomwe tena tu na kuachwa, niitwe, maana huenda utumbo umejifunga. Asibebe chochote mpaka kinyesi kitoke laini siku kadhaa.

Nimemwachia dawa kidogo ya dharura na nimemfundisha kuchoma, maana Musoma ni mbali.

Siwema mke wangu anakusalimu.

Wako mtiifu,
Hamduni Alawi


Buhemba
7 Septemba 1991

Shikamoo Bibi.

Shangilia! Redio amepona kabisa. Analia kila asubuhi, mpaka Ryoba anasema tumzibe mdomo. Anakula. Yule Bwana Mifugo wako ni mtaalamu kweli. Nampumzisha kama alivyosema, anazurura tu kwenye majani.

Bibi, naomba akae huku kidogo zaidi, mvua zenyewe hazijaonyesha dalili. Tumefika kwenye mwamba, na Ryoba anasema mwamba wa rangi hii una kitu chini yake. Nikipata, nakujengea tanki la maji la bati mlangoni.

Danford


Mugeta
15 Septemba 1991

Danford,

Barua yako imenifanya nicheke peke yangu hapa uani kama chizi. Dafroza amechungulia jikoni akafikiri nimepatwa. Nimemwambia, "Mwanao amemponya punda." Jumapili kanisani nimesimama nikashukuru mbele ya watu, na wale waliosema "kijana wa machimbo utampaje mnyama" niliwaangalia mmoja mmoja mpaka wakatazama chini.

Nakubali akae mpaka vuli. Mimi na ndoo za mama yako tutapambana.

Na jambo lingine nimeshalisema mbele ya mzee Makongoro jirani, kwa hiyo halirudi nyuma. Huyo mtoto aliye tumboni mwa Redio, akizaliwa ni wako. Huyo sikuwekeshi, nakupa. Uwe na mnyama anayeitwa wa Danford. Babu yako alianzishwa na ndama mmoja hivyo hivyo.

Nakutumia dagaa na unga wa muhogo. Usiwape wote hao wa duara, wana mama zao.

Bibi yako anayekuombea,
Marieta


Musoma
6 Oktoba 1991

Mama Marieta, shikamoo.

Nilikuwa safarini Tarime muda mrefu, ndiyo maana kimya. Nakuandikia kukupa hongera. Siwema ananiambia Danford amekuja dukani mara nyingi kuchukua ile dawa ya maumivu, na kila akiulizwa anasema bibi amenunua punda wengine na wote wanasumbuliwa na tumbo. Kumbe umekuwa tajiri kimya kimya! Una punda wangapi sasa?

Lakini Mama, wakiumwa wengi kwa pamoja tatizo ni malisho au maji, siyo la sindano. Dawa hii ikirudiwa rudiwa kwa mnyama asiyekunywa maji ya kutosha inatoboa vidonda tumboni na kuharibu figo, naye haonyeshi kitu, anaonekana mzima mpaka siku anayoanguka. Niambie wako wapi nije niwaone.

Hamduni


Mugeta
10 Oktoba 1991

Danford,

Nina punda mmoja. Unajua hivyo na mimi najua hivyo. Hamduni ananiuliza nina wangapi.

Nimesoma barua yake, nikaweka miwani chini, nikaisafisha kwa kanga, nikasoma tena. Dawa uliyoachiwa ya dharura imeisha, ukaenda kuchukua nyingine, na nyingine. Unamchoma nani? Punda aliyepona anachomwa sindano ya maumivu ya nini?

Sitaki jibu la barua. Nataka Redio aje kwa miguu yake, polepole, na wewe ukiwa mbele umeshika kamba, upumzike Butiama kwa shangazi yako, mfike hapa. Ukipokea barua hii ondoka. Mwamba haukimbii.

Nilikusifu kanisani, mwanaharamu wewe.

Marieta


Buhemba
17 Oktoba 1991

Bibi, shikamoo.

Barua yako imefika nikiwa najiandaa kukuandikia habari mbaya. Redio ametutoka. Amegongwa na nyoka alipokuwa akinywa mtoni, akaanguka pale pale. Tumelia wote, hata Ryoba. Ile dawa nilikuwa nawanunulia rafiki zangu wenye punda, nikaona aibu kusema.

Ngozi ninajua ingetakiwa. Lakini Bibi, ngozi ni ya ng'ombe. Nani anachuna punda? Wangenicheka machimbo yote. Tumemzika kwa heshima.

Pole sana Bibi yangu. Mungu alitoa.

Danford


Mugeta
21 Oktoba 1991

Hamduni,

Danford ameandika kwamba Redio amegongwa na nyoka na amezikwa. Ngozi hakuna.

Mimi nimeweka wanyama kwa watu na watu wameweka kwangu tangu nilipoolewa. Mwaka wa ile njaa kubwa, mtu mmoja alitembea kutoka huko juu na ngozi ya ng'ombe wetu kichwani, mvua inamnyeshea, ananuka, akafika akaitupa mbele ya Machage akasema, "Huyu hapa." Machage akampa maji ya kuoga na chakula. Mtu anayekuja na ngozi humuulizi kitu. Asiyekuja nayo ndiyo unamuuliza.

Nenda ukamuulize kaburi liko wapi. Kama kuna kaburi, lifukue. Nitajibu mimi kwa Mungu.

Na wewe sijakusahau. Duka lako linauza sindano kama karanga za kupima na kikopo, na mke wako anapokea tu. Huko kuruhusiwa kuuza kila kitu mliruhusiwa pia kutouliza?

Marieta


Buhemba
25 Oktoba 1991

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo, hapa hapa kwenye duara. Unilaumu, ni haki yako. Nilimsomea Siwema barua yako, naye alilia.

Redio yuko hai.

Nimemkuta kwenye njia ya mtoni. Hakuwa amebeba maji tu, alikuwa na viroba vya mawe, maana siku hizi wanayapeleka kusagwa upande wa pili. Kwa muda nilifikiri ni punda mwingine. Mgongo una vidonda, shingo imejaa mavimbe ya sindano pande zote mbili. Nilimwambia kijana aliyekuwa akimswaga, "Huyu punda ni mgonjwa." Akanijibu, "Mgonjwa? Asubuhi kalia!" Maji anayobeba hanywi, Mama. Yanapimwa kwa ndoo, na kila ndoo ina mwenyewe, basi yeye anapewa kikombe mwisho wa kazi.

Mimba ilishatoka, wanasema wiki iliyopita.

Danford alikuwa chini shimoni. Kabla hajapanda, Ryoba alinikaribisha kwa heshima. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya punda wa bibi yake Danford. Akavua kofia. Akasema, "Pole sana, Mzee. Kijana alitueleza. Tulimchangia hata rambirambi. Bibi alimrithisha huyu punda akiwa kitandani, ndiyo maana hisa yake humu ni ya kudumu."

Nilimwambia tu, "Bibi amenituma mimi." Akanishangaa kama mwehu.

Nimekodi lori lililoshusha mbao, linarudi Bunda tupu. Nampandisha leo. Danford amepanda kutoka shimoni, ameniona, amesimama pembeni ya tuta la udongo.

Hamduni


Buhemba
29 Oktoba 1991

Bibi,

Sikuandikii shikamoo kwa sababu sijui kama utaipokea.

Siku Bwana Mifugo alipoondoka mara ya kwanza, Ryoba aliniuliza maji yatatoka wapi. Nikasema tungoje. Akasema duara halingoji, kuna vijana watatu wana punda wazima wanaomba kuingia. Na tulikuwa tumebakiza mwamba tu, Bibi. Nilimchoma asubuhi, akainua kichwa, akalia. Nikajiambia mnyama anayelia ni mzima. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo tangu niko mtoto. Nikambebesha kidogo. Kesho yake nikamchoma tena. Kila siku nilikuwa nasema leo ni mwisho.

Ile habari kwamba umekufa ilinitoka siku ya kwanza kabisa. Walisema punda wa kuazima si hisa, mwenyewe akimtaka duara linasimama. Nikasema hana mwenyewe mwingine. Wakauliza kwa nini. Nikajibu. Sikutaka ufe. Nilitaka tu punda awe wangu mbele yao.

Mwamba umepasuka jana. Ndani kuna maji tu, shimo limejaa. Ryoba ametawanya watu.

Naweza kuja? Nitachota maji mimi mwenyewe, kila siku, mpaka useme basi. Niambie neno moja tu.

Danford


Mugeta
8 Novemba 1991

Danford,

Nimesikia nimekufa. Nimesikia hata rambirambi zilichangwa, na mimi sikuonja chai ya matanga yangu mwenyewe. Pole kwa msiba.

Sasa nikueleze yaliyopita hapa, kwa sababu wewe unapenda kuandika habari za vifo, usikie moja ya kweli.

Lori lilifika mchana, kila mtu yuko nje. Hamduni na utingo walimshusha Redio kwa ubao. Nilitoka na fimbo yangu. Sikumtambua mwili, nilimtambua macho. Alinusa kanga yangu akasimama hapo hapo, kichwa begani kwangu, hakutaka kusogea. Nimepitisha mkono shingoni. Danford, ile shingo ilikuwa kama gunia la viazi.

Hamduni akampima. Akanikalisha kwenye kigoda akasema figo zimekwisha, tumbo limetoboka vidonda, hatapona. Yule mtu hakuniambia nivumilie, nimpe hilo. Halafu akafungua mkoba akatoa chupa. Niliijua bila kuambiwa. Nikanyanyua fimbo. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo imemuua, na wewe ndiye uliyeileta. Ukimsogelea nayo nakupasua, mbele ya watu hawa."

Hakurudi nyuma. Akasema, "Mama, ni ile ile. Sikukuletea ya kumponya wala ya kumpandisha mzigo. Ni ya kumpumzisha tu, maana anaumia sana na hawezi kusema."

Nikamuuliza, "Ukimchoma atainuka?"

"Atainuka."

"Atalia?"

"Anaweza kulia."

"Basi atanidanganya tena."

Akasema, "Hapana, Mama. Safari hii umeshaambiwa."

Nikafikiri. Watu wote kimya, hata Dafroza, na huyo mama yako kunyamaza unajua ni kazi. Nikashusha fimbo. Nikamshika Redio masikio mwenyewe, nikasema choma.

Akainua kichwa. Akanywa maji ndoo nzima, ile ya Dafroza, na Dafroza mwenyewe akakimbia kuleta ya pili bila kutumwa. Akala majani mkononi mwangu. Halafu akalia, Danford. Akalia kama zamani, mpaka watoto wa shule walitoka barabarani wakija mbio, mzee Makongoro akapiga magoti akishukuru, wanawake wakapiga vigelegele. "Redio amepona! Redio amepona!" Na mimi nimemshika masikio nasema moyoni, hajapona. Walifurahi wote. Mimi na Hamduni tulitazamana tu. Hapo ndipo nilipoelewa wewe ulinifanya nini miezi yote hii. Ulinifanya niwe mmoja wa wale wanaopiga vigelegele. Ulinifanya nisimame kanisani.

Hamduni hakuondoka, alikaa naye mpaka kesho yake. Redio alikufa mchana, jua likiwa juu, kwenye kivuli cha ghala, hajagaragara, hajahangaika. Sindano ni ile ile uliyokuwa ukimchoma.

Halafu nikaomba kisu. Walinicheka kama ulivyosema watakucheka. "Nani anachuna punda?" Nikawaambia mimi. Makongoro akaona aibu akaja akashika miguu, tukachuna wawili, kizee na kizee, na inzi wote wa Mugeta wakitutazama. Sikuona aibu. Aibu ni kitu ulichonionyesha wewe, nikakijua, hiki hakikuwa hicho.

Sasa ngozi iko kwenye hilo gunia aliloleta huyu utingo. Ifungue. Pitisha kidole upande wa shingo, utayakuta matundu yako yote, hata usipotaka. Mgongoni utaona mahali viroba vilikaa.

Umeniomba neno moja. Nakupa mawili, kwa sababu uliwaambia watu maneno mawili.

La kwanza, uliwaambia Redio ni punda yako. Sawa. Sheria ni ngozi inaenda kwa mwenyewe. Imefika. Tumemalizana.

La pili, uliwaambia nimekufa. Hilo nalo nimelikubali. Usije. Maji nachota mwenyewe, asubuhi na mapema, na fimbo, nikipumzika njiani mara nyingi kama ninavyotaka. Dafroza ameniambia, "Mama, acha, nitakwenda mimi," na ndoo siku hizi anazitua taratibu. Nimemwambia akae.

Marieta,
marehemu bibi yako

Usiianike juani, itakakamaa na kupasuka. Chumvi nimeshaipaka, wewe ianike kivulini. Hata hilo nadhani hulijui.